Kisigino cha Alfajiri: Kisa Kimoja cha Mkimbiaji wa Mtaani

Mgonjwa wa kisa hiki ni mimi mwenyewe. Kilipoanza nilikuwa na miaka 43, uzito kilo 86, urefu mita 1.71, mwalimu wa hisabati wa sekondari hapa Dar es Salaam. Nakimbia na kikundi cha jogging cha mtaani tangu 2019. Medali sizitafuti, mimi ni wale wa kumaliza kilomita 10 huku tunapiga soga. Sina sukari, sina presha, sijawahi kuvunjika mguu.

Katika miezi mitano ya kuhangaika na kisigino cha kulia nilipata washauri sita: mwenzangu wa kikundi, mwenye duka la dawa, mtabibu wa zahanati, daktari aliyesoma eksirei, mtaalamu wa fiziotherapia, na mama yangu mzazi aliyeko Tanga. Wawili tu kati yao ndio walioniuliza kisigino kinauma wakati gani. Kisa kizima kimekaa kwenye swali hilo.

Nilikuwa na kaunta buku ya mazoezi. Kila siku naandika kilomita, na kuanzia Januari 2024 nikaongeza safu mbili za maumivu, sifuri mpaka kumi, moja ya alfajiri na moja ya jioni. Namba za humu zimetoka mle.

Desemba

Lengo lilikuwa nusu marathoni kwenye Kilimanjaro Marathon, Moshi, Februari 2024. Kikundi kilikuwa kimeshalipa na fulana zimeshashonwa. Muhula mzima nilikuwa nakimbia kama kilomita 17 kwa wiki, na shule ilipofungwa Desemba nikajikuta na asubuhi tupu. Wiki ya kwanza nikakimbia 17, ya pili 26, ya tatu 34, ya nne 41. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili ukimwekea namba hizo kwenye grafu atakuonyesha mpando bila kufikiri. Mimi ninayemfundisha kuchora grafu sikuuona.

Juu ya hapo, Dar ni tambarare na Moshi kuna mpando wa Mweka, basi Jumapili tatu mfululizo tukaenda Pugu kutafuta vilima. Kupanda kilima kunafanyisha kazi shavu la mguu kuliko kukimbia tambarare, na shavu la mguu ndilo linalovuta kisigino. Halafu raba. Nilikuwa nimechukua jozi ya mtumba pale Karume, nzuri kwa macho, soli yake ya kisigino imelika upande wa ndani kama kipande cha sabuni. Sizilaumu sana, maana nilizivaa tangu Septemba bila tatizo. Lakini sizitoi kwenye hesabu.

Jumamosi ya kwanza ya Januari niliamka kwa adhana, nikashusha mguu sakafuni, kisigino kikanichoma kama nimekanyaga msumari. Nikaenda bafuni nimeshika ukuta. Kufika msikitini maumivu yameshalegea. Saa moja asubuhi nikakimbia kilomita 9, na kuanzia kilomita ya pili nilikuwa nimeshasahau. Jioni nikainuka kitini baada ya kukaa muda mrefu, kisigino kikaanza upya kana kwamba ndiyo kwanza naamka.

Ugonjwa ulijitaja wote siku ile ile. Unauma hatua za kwanza, unapoa ukishatembea, unarudi ukikaa. Nikaendelea kukimbia wiki tatu zaidi kwa sababu ulikuwa unapoa.

Dalili nyingine nilikuwa naiona mara tano kwa siku bila kuielewa. Katika attahiyatu, kile kikao cha kwenye swala, mguu wa kulia unasimamishwa, vidole vinakunjwa kuelekea kibla. Pale palikuwa na uchungu wa aina yake, mkali, mbele kidogo ya kisigino upande wa ndani. Nikadhani ni sakafu. Nikabadilisha msala.

Asidi

Mwisho wa Januari nilikuwa nachechemea darasani. Shule yetu ina sakafu ya saruji na nasimama vipindi sita kwa siku. Mwenzangu wa kikundi akatoa hukumu kabla sijamaliza sentensi: "Ticha, hiyo asidi. Kunywa maji ya ndimu." Duka la dawa wakanipa diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu na uvimbe. Zahanati wakanipima damu, asidi ya yuriki ikaonekana imevuka kidogo kiwango cha juu. Nikaambiwa nina gauti, niache nyama nyekundu, dagaa na maharage.

Nimelifikiria sana hili, kwa sababu mtaani kwetu kila mguu unaouma baada ya miaka arobaini siku hizi ni asidi. Gauti ni ugonjwa wa kweli na una tabia zake. Hupenda kuanza ghafla, mara nyingi usiku, na kiungo inachokipenda zaidi ni kile cha shina la dole gumba la mguu. Kiungo huvimba, huwa chekundu, hupata joto, hata shuka likikigusa mtu analalamika. Kisigino changu hakikuvimba hata siku moja. Hakikuwa na joto. Na shambulio la gauti haliishi kwa kutembea hatua hamsini kwenda msikitini. Asidi iliyopanda kwenye damu ni namba tu, na wengi walio nayo hawatapata gauti maisha yao yote. Mtabibu alisoma namba, na mguu wenyewe haukuvuliwa kiatu.

Maharage yananiuma mpaka leo. Wiki sita mwalimu wa serikali bila maharage wala dagaa, hebu fikiria mfuko wangu. Baadaye nikasoma kwamba utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2004, uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, uliona nyama na vyakula vya baharini vinaongeza hatari ya gauti, lakini mboga na mikunde yenye purini, kile ambacho mwili hukigeuza kuwa asidi ya yuriki, haikuiongeza. Kwa hiyo hata ningekuwa na gauti, maharage yangu yangebaki mezani.

Diklofenaki ilishusha maumivu ya jioni kutoka 6 hadi 3. Ya alfajiri haikuyagusa, yalibaki 7. Wiki ya pili tumbo likaanza kuungua, nikaacha.

Moshi sikwenda. Wenzangu walinitumia picha.

Ramadhani ya 2024

Machi nilikuwa nimepumzika kukimbia wiki tano na alfajiri ilikuwa imeshuka hadi 4. Nikajua napona. Ramadhani ikaingia, na tarawehe zake, zile swala za usiku. Hesabu mwenyewe: rakaa ishirini mbili mbili ni attahiyatu kumi, achilia mbali sijida, na kila mara vidole vya kulia vimekunjwa na uzito uko juu yake. Kufikia kumi la pili la mfungo alfajiri ilikuwa 8, na nilikuwa sijakimbia hata mita mia. Nikamuuliza ustadhi wetu, akanijibu kwa upole kwamba mgonjwa huswali awezavyo, nikae kitini. Nilikaa kitini nikiwa na miaka 43, wazee wa sabini wamesimama mbele yangu.

Idi nilikwenda Tanga. Mama alinitazama nikitoka kitandani, akauliza, "Mwanangu, kinakuuma saa hizi tu au kutwa?" Nikamwambia asubuhi, na nikishakaa. Akasema, "Basi kimekaza. Kitu kilichokaza hulalamika kikinyooshwa." Akachemsha chumvi ya mawe, akaifunga kwenye kipande cha kanga, akanikanda shavu la mguu, si kisigino. Nikamwambia panapouma ni chini. Akaniambia nyamaza. Nilipata nafuu ya nusu siku, kisha ikaisha. Bado namhesabu kuwa ndiye wa kwanza kuusoma mguu wangu vizuri.

Mwiba

Mwisho wa Aprili nilipiga eksirei. Daktari akanionyesha kwenye kioo: chini ya kisigino mfupa umeota ncha kama mwiba wa samaki. Ukiona picha ile huna swali tena, ni kweli mwiba ndio unaochoma. Akanichoma sindano ya steroidi palepale, akasema ikishindikana tutafikiria upasuaji.

Lakini miba ya namna ile iko kwenye visigino vya watu wengi wasiouma popote, na wako wenye maumivu kama yangu wasio na mwiba. Mwiba haukuota Januari, ulichukua miaka. Tena mwiba hauna saa. Kama mfupa ndio ulikuwa unanichoma, ungenichoma zaidi kilomita ya saba kuliko hatua ya kwanza ya bafuni.

Sindano ilifanya kazi. Siku ya nne alfajiri ilikuwa 1. Nilitaka kumrudia yule daktari nimpigie magoti. Wiki ya tano nikakimbia kilomita 12 ufukweni Coco na kurudi kwa Daraja la Tanzanite, kifua mbele. Kesho yake 8. Siku hizi najua kwamba nafuu ya sindano hii ya kisigino kwa kawaida ni ya mwezi hivi, na kwamba mara chache mkanda wa unyayo, ule wa nyuzi ulioshika kisigino kwa chini, huweza kukatika baada yake. Kukimbia kilomita 12 juu ya mkanda uliotiwa ganzi, baada ya miezi minne ya kukaa, lilikuwa kosa langu, sindano haikuniambia nikimbie. Lakini hakuna aliyeniambia nisikimbie.

Mezani kwa fiziotherapia

Likizo ya Juni. Mtaalamu alikuwa binti wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu," nikaitikia marahaba, akaniambia nivue soksi zote mbili na nilale. Picha ya eksirei aliitazama sekunde tatu akaiweka pembeni. Swali lake la kwanza lilikuwa lile la mama.

Uchunguzi ulichukua dakika ishirini na haukuhitaji umeme. Alibana kisigino kwa viganja viwili, kushoto na kulia kwa pamoja, kama anakamua chungwa. Hakikuuma. Akaniambia kwamba mfupa wa kisigino wenye ufa wa kuchoka, ambao wakimbiaji huupata, ungelalamika hapo, na maumivu yake huzidi kadiri unavyokimbia. Akagonga nyuma ya kifundo upande wa ndani kutafuta mshipa wa fahamu uliobanwa, akauliza kama kuna ganzi au kuungua kunakotambaa. Hakuna. Akauliza kama mgongo unakakamaa asubuhi, maana kuna maradhi ya viungo ya mwili mzima yanayoanzia kisiginoni, hasa kwa vijana. Hakuna. Kisha akakunja dole gumba langu kwenda juu, akabonyeza kwa kidole mbele ya kisigino upande wa ndani. Nilipiga kelele iliyomtoa mpokea wageni ofisini.

"Pole, mwalimu. Huwa unaswali?"

"Naswali."

"Kwenye attahiyatu panauma hapa hapa?"

Nilitaka kucheka. Miezi mitano ya vipimo, na mguu wangu ulikuwa unafanyiwa kipimo hicho mara tano kwa siku.

Chini ya unyayo kuna mkanda mgumu wa nyuzi, wataalamu huuita fasia, umeshika mfupa wa kisigino na kutandaa kama upepeo hadi kwenye vidole vitano. Mwaka 1954 Hicks, wa Uingereza, alieleza kwamba vidole vikikunjwa juu mkanda huu hujizungusha kwenye vichwa vya mifupa na kukaza, kama winchi inavyokaza kamba ya jahazi, na upinde wa mguu unainuka. Usiku mguu ukilala umenyooka kama wa mtu aliyesimama kwa ncha, mkanda unakaa umelegea na kufupika. Hatua ya kwanza ya alfajiri inaunyoosha kwa mara moja. Jina la ugonjwa ni fasaitisi ya unyayo, na jina lenyewe linadanganya kidogo, kwa sababu ile "-itisi" ya mwisho humaanisha uvimbe wa moto, ilhali wanaokata vipande vya mkanda huo na kuvitazama kwa hadubini mara nyingi wanakuta nyuzi zilizochakaa, uvimbe wa moto hamna. Ndiyo sababu vidonge vya kuzima moto havikufika alfajiri.

Vipimo viwili vya mwisho ndivyo vilivyonipa namba nilizozipenda. Cha kwanza, kugusa ukuta kwa goti bila kuinua kisigino, ukipima umbali wa dole gumba na ukuta: kushoto sentimita 10, kulia 5. Kifundo cha kulia kilikuwa hakikunji vizuri, shavu limekaza, na unyayo ndio unaolipa deni hilo kila hatua. Mama na chumvi yake. Cha pili, kusimama mguu mmoja na kuinuka kwa ncha mpaka uchoke: kushoto mara 23, kulia mara 11.

Kumi na moja. Mguu huo ndio niliokuwa naupumzisha nikisema unapona. Kila wiki ya kupumzika ilishusha maumivu na ikashusha nguvu pamoja nayo, kwa hiyo kila niliporudi barabarani nilirudi na mguu dhaifu zaidi kuukabidhi mzigo ule ule. Daftari langu lilikuwa na safu ya maumivu na safu ya kilomita, halikuwa na safu ya nguvu. Uzito wangu nao aliutaja, kwa adabu, kama mtu anayemkumbusha mzee deni la harusi.

Begi la vitabu

Dawa yenyewe ilikuwa ngazi ya nyumbani na taulo. Taulo linaviringishwa, linawekwa chini ya vidole ili vikunjwe juu, kisigino kinaning'inia nje ya ngazi. Unapanda kwa sekunde tatu, unakaa juu mbili, unashuka tatu. Mguu mmoja. Mara 12, seti tatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Ukizoea, unapunguza marudio hadi 10, halafu 8, unaongeza seti na kubeba uzito. Mpango huu umetokana na utafiti wa Denmaki wa watu 48, ambao nao walibeba begi la mgongoni lenye vitabu. Nilifurahi kusikia hivyo. Vitabu vya hisabati ninavyo. Nilikuwa naupima mzigo kwenye mizani ya Mangi, mwenye duka la mtaani, naye akawa anaandika kwenye daftari lake la madeni kana kwamba ni unga: kilo 6, kilo 9, kilo 14.

Kabla ya hatua ya kwanza ya alfajiri, kitandani, nikivuta vidole nyuma kwa mkono, sekunde kumi mara kumi. Na kandambili za ndani. Hili lilileta mjadala nyumbani, maana kwetu viatu huachwa mlangoni na mke wangu anapiga deki kila siku. Tukakubaliana jozi moja isiyotoka nje kamwe.

Kanuni ya maumivu ilikuwa hii: mpaka 4 wakati wa zoezi ruksa, mradi alfajiri ya kesho isiwe juu kuliko ya jana. Nilishindwa kuiamini kwa wiki tatu. Nimefundishwa na miaka yote kwamba kinachouma kiache. Wiki ya pili alfajiri ilikuwa 6, ya tatu ikarudi 7, nikampigia simu binti nikitaka kuacha. Akauliza, "Umeongeza nini?" Nilikuwa nimeongeza begi na seti kwa siku moja. Nikatoa begi. Wiki ya nne 5, ya nane 3, ya kumi na mbili 1.

Kukimbia kulianza wiki ya tano: dakika moja mbio, mbili kutembea, mara nane, mara tatu kwa wiki. Kikundi walinipita wote, pamoja na mama mmoja wa miaka 61 anayeuza vitumbua, ambaye hunipita mpaka leo. Raba nilinunua mpya. Mtihani wa kuinuka kwa ncha mwezi Septemba: kulia 22. Goti na ukuta: 7.5, na haijawahi kuzidi hapo.

Kuna jambo moja linalonizuia kuandika kwamba begi la vitabu ndilo lililoniponya. Katika ule utafiti wa Denmaki, waliobeba uzito walikuwa mbele sana baada ya miezi mitatu kuliko waliojinyoosha tu, lakini baada ya miezi 12 makundi yote mawili yalikuwa sawa. Wengi wa wenye maradhi haya hupona ndani ya mwaka bila upasuaji, wafanye hiki au kile. Mimi ni mgonjwa mmoja, na nilianza mazoezi mwezi wa sita wa maradhi, wakati huenda nilikuwa njiani kupona. Mwanafunzi akiniletea hitimisho kutokana na jaribio la mtu mmoja namrudishia karatasi. Ninachoweza kusimama nacho ni 11 kuwa 22. Hiyo haikuletwa na kalenda.

Februari 2025 nilikwenda Moshi. Mpando wa Mweka niliutembea karibu wote, nikamaliza kwa saa mbili na dakika 41, alfajiri ya kesho yake kisigino 3, siku tatu baadaye 1. Wiki iliyofuata Ramadhani ikaingia. Nilirudisha kiti kwa ustadhi. Mstari wa mwisho wa kaunta buku ile, kabla sijanunua nyingine, unasomeka: *Tarawehe ya kwanza. Rakaa 20. Vidole vimekunjwa. Sifuri mpaka ya 14, kisha moja.*